Alijua Reli, Hakujua Mwaka

Bibi alikuwa ameketi mkekani chini ya mkorosho, miguu ameinyoosha, ungo wa kunde mapajani. Ilikuwa mwaka 2008, katika kijiji kimoja cha upande wa Naipanga, wilayani Nachingwea. Mimi nilikuwa na begi la madodoso begani, kitambulisho kifuani na kalamu mbili, moja ya akiba. Nilishamwamkia, nikamsomea fomu ya ridhaa mpaka mwisho, akaweka dole gumba. Tukaanza ukurasa wa kwanza.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Mwanangu, miaka yangu nani kaihesabu? Wewe andika mingi."

Nikamuuliza alizaliwa mwaka gani. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua kunde. Nikaandika 98. Kwa asiyewahi kufanya kazi hii, 98 ni namba wanayopewa wadadisi kwa ajili ya jibu la "sijui". Ukishaiandika unasonga mbele, na siku ile nilikuwa na kaya 8 za kumaliza kabla jua halijazama. Umri, jinsi, ndoa, elimu, kazi: maswali hayo niliyaona kama kizingiti cha kuruka haraka. Shughuli yenyewe, kwa mawazo yangu ya wakati ule, ilikuwa huko ndani kwenye homa, chandarua, maji na uzazi.

Usiku msimamizi wetu alipitia madodoso yote kwa mwanga wa kandili, moja baada ya jingine. Alipofika kwa bibi akanitazama. "Huyu hajui, au wewe hukujua kumuuliza?"

Sikulala vizuri. Alfajiri nikarudi kwa miguu. Nilikataa kiti, nikakaa mkekani, nikamsaidia kunde kidogo, kisha nikauliza kwa njia nyingine: bibi, ulivunja ungo lini?

Akacheka, akauweka ule wa kunde pembeni. "Mwaka ule reli ilipofika. Watu walikuwa wanatoka vijijini kwenda kulishangaa gari moshi. Mimi mama alinikataza. Nilikuwa mwali, mwali hatoki."

Reli iliingia Nachingwea mwaka 1949. Msichana aliyevunja ungo mwaka huo, akiwa na miaka 13 hivi, alizaliwa karibu na mwaka 1936. Nikaikata ile 98 kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, nikaandika 72 juu yake na kutia saini pembeni. Bibi alikuwa anaujua umri wake siku zote. Aliujua kwa reli.

Kila ripoti ya utafiti wa afya ya jamii ina jedwali la kwanza linaloitwa sifa za washiriki: wangapi wanaume, wangapi wanawake, umri gani, wamesoma mpaka wapi, wanaishi kwa kazi gani. Wasomaji wengi hulipita, wakakimbilia majedwali ya magonjwa. Nimezunguka Nachingwea na Ruangwa na madodoso kwa zaidi ya miaka 20, na ninaamini kwamba jedwali hilo la kwanza ni historia ya wilaya hizi mbili iliyoandikwa kwa tarakimu. Kila mstari wake una tukio nyuma yake. Asiyelijua tukio hawezi kuuliza swali vizuri, na swali likiulizwa vibaya mgonjwa huhesabiwa vibaya. Ndiyo maana nataka kuupitia ukurasa ule mstari kwa mstari.

Ridhaa

Kabla ya swali lolote, mtu lazima akubali kuulizwa. Wadadisi vijana hushangaa wanapokuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni. Mimi sishangai. Kusini, kuhesabiwa kulikuja na mzigo tangu mwanzo.

Wajerumani walipoanza kuhesabu nyumba, walihesabu kwa ajili ya kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha aliilipa kwa nguvu za mikono. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, huko Kilwa, waling'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Vikashuka kusini mpaka kwa Wamwera, na mwezi Agosti misheni ya Nyangao ikachomwa. Jeshi la Mjerumani lilijibu kwa kuchoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kabla nchi haijapona, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia. Oktoba 1917 Waingereza waliteka ghala la chakula la Wajerumani pale Ruponda, ambayo leo ni kata ya Nachingwea, na siku chache baadaye majeshi hayo yakapambana Mahiwa, njia ya kwenda Lindi, katika moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo Afrika Mashariki. Jeshi lilipohitaji wapagazi lilihesabu wanaume. Lilipohitaji chakula lilihesabu vihenge.

Mwingereza naye alihesabu vichwa kwa kodi, na mashamba ya mkonge ya Lindi yakahesabu siku za kazi kwa kadi ya kipande. Wazee wetu walizaliwa ndani ya kumbukumbu hizo. Mtu mgeni anapofika na karatasi, akauliza mnalala wangapi humu, jibu la busara kwa vizazi vitatu lilikuwa kupunguza.

Tulipoanza kutoboa vidole kupima malaria na wingi wa damu, hofu ya zamani ikapata jina jingine la zamani: mumiani, mnyonya damu. Katika kijiji kimoja cha Ruangwa watoto walitukimbia wakilitaja neno hilo kwa sauti. Hatukuwafukuza wala hatukuwacheka. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano chini ya mwembe, muuguzi wetu akakaa mbele, akajitoboa kidole chake mwenyewe, akaeleza tone lile moja linakwenda wapi. Baada ya hapo mama mmoja akaleta mtoto, na wengine wakafuata. Ridhaa ninayoijua mimi hutolewa na mtu aliyekwisha kuona. Dole gumba huja baadaye, kuthibitisha tu.

Umri

Wadadisi wapya ninaowafundisha siku hizi nawapa kwanza daftari la matukio. Watakwimu huliita kalenda ya matukio. La kwangu nililianza asubuhi ile niliyorudi kwa bibi, na mstari wa kwanza ni reli.

Reli ile ililetwa na karanga. Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ukapangwa mradi wa kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Maeneo yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa ya mpango iliwekwa huku kusini. Matingatinga yaliletwa kung'oa miombo, nyumba za wafanyakazi zikasimama porini, na mji wa Nachingwea ukazaliwa. Lakini visiki vilivunja majembe, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, mvua haikufuata ratiba ya London, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule. Pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Treni zilizojengewa bandari mpya ya Mtwara zilikosa mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Nenda leo katika kata inayoitwa Stesheni: treni hakuna. Nenda Farm 17: karanga za Mwingereza hakuna. Lakini muulize mzee umri wake, utaikuta reli nzima imo kichwani mwake, kuja kwake na kung'olewa kwake. "Mwanangu wa kwanza nilimzaa reli ipo, wa nne walishaing'oa," bibi yule aliniambia. Kwa maneno hayo machache nilipata umri wake, umri wa uzazi wa kwanza, na nafasi kati ya watoto. Ni mambo ambayo utafiti wa afya ya mama na mtoto huyatafuta kwa kurasa tatu za maswali.

Baada ya reli, daftari langu lina kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Lina Uhuru wa 1961, kuhamia vijijini, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, mvua za El Nino za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, na daraja la Mkapa la mwaka 2003, lililotuondolea kulala Ndundu tukisubiri kivuko cha Rufiji. Lina pia mwaka 2018, jeshi lilipokuja kubeba korosho. Kwa watoto kazi ni nyepesi zaidi. Mama huingia ndani akarudi na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na humo mna kadi ya kliniki: siku, mwezi, mwaka, uzito, chanjo. Nimeona nyumba zilizoungua zikapoteza kila kitu, na mama akatoka na mtoto mkono mmoja na mfuko ule mkono mwingine.

Mahali pa kuzaliwa

Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu ile ya Agosti 1967. Nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa taifa. Tafiti za afya zinapouliza asili ya mtu, kwa sababu ya lugha ya mahojiano au mila za uzazi, hapa kwetu majibu hupangika namna hii: Wamwera ni wengi, hasa Ruangwa na upande wa kaskazini wa Nachingwea, kisha Wamakonde, Wamakua, Wayao, na Wangindo wa njia ya Liwale. Halafu wapo wale ambao majina yao yanatoka mbali, wajukuu wa vibarua waliokuja na karanga, mradi ukafa, wao wakabaki.

Swali la mahali pa kuzaliwa ndilo lililonifundisha kunyamaza. Mzee mmoja aliniambia "ng'ambo", akaishia hapo. Ng'ambo maana yake ni kusini mwa Ruvuma, Msumbiji. FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi mwaka 1964, watu walivuka mto wakikimbia, na tangu mwaka 1965 Nachingwea ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji. Kamanda wao, Samora Machel, aliishi na kufundisha huko, kwenye yale mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga. Mei 1975 aliondoka kusini mwa Tanzania, akavuka Ruvuma na kuanza safari ya kwenda Maputo, na tarehe 25 Juni nchi yake ikawa huru. Wengi walirudi naye. Wengine walikuwa wameshaoa, wameshaolewa, wana mikorosho iliyoanza kuzaa, wakabaki.

Mzee yule hakunificha kwa ubaya. Alikuwa amejifunza kwamba swali la "umezaliwa wapi" huweza kugeuka swali la "uko hapa kwa nini". Nilimweleza kwamba jina lake haliendi popote, kinachokwenda ni namba. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Basi andika Mueda. Lakini shamba langu liko hapa." Dodoso lilikuwa na nafasi ya Mueda. Shamba niliandika kwenye daftari langu.

Umeishi hapa kwa muda gani

Hili ni swali fupi lenye jibu refu. Asilimia kubwa ya wazee watakuambia "tangu vijiji".

Operesheni ya vijiji ilifika kwetu kwa nguvu kati ya mwaka 1973 na 1975. Kabla ya hapo Wamwera waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo kwenye mabonde na vilima vyake, karibu na maji na makaburi yake. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ndani ya miaka mitatu karibu watu wote wakasogezwa kando ya barabara, kwenye safu za viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Mama yangu alihama na mimba yangu, mtungi kichwani. Nilizaliwa kwenye kibanda cha nyasi ambacho baba alikijenga kwa siku nne, na ndiyo maana mpaka leo naitwa na shangazi zangu "mtoto wa kuhamia".

Kwa afya, vijiji vilileta mambo mawili kwa mkupuo. Zahanati ikawa ya kutembelea kwa miguu, chanjo zikawakuta watoto mahali pamoja, na mganga aliweza kuita mkutano ukajaa. Lakini watu waliobanana kwenye kisima kimoja waligawana pia kuhara na kipindupindu, na mashamba ya zamani yakawa mbali. Waliacha nyuma mahame: miembe mikubwa iliyojipanga porini pasipo na nyumba, mawe ya mafiga, makaburi. Ukitembea na mwenyeji kutoka Mbekenyera, Mnacho au Nkowe, atakuonyesha mwembe kwa kidole na kukuambia jina la babu yake. Anapokujibu "nimeishi hapa miaka 30", jua kwamba anahesabu kuanzia siku alipoondolewa kule.

Mkuu wa kaya

Dodoso hutaka jina moja mbele ya kaya. Wataalamu walioandika swali hilo walifikiri nyumba ya baba, mama na watoto, baba akiwa juu. Kwetu mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wote hufuata ukoo wa mama. Mwanamume alikwenda kuishi kwa wakwe zake, akalima shamba la ukweni, na watoto aliowazaa wakawa wa ukoo wa mke. Mwenye neno la mwisho juu yao alikuwa mjomba. Uislamu uliopanda kutoka pwani, Ukristo wa Wabenediktini wa Ndanda, mashamba ya korosho ambayo baba anataka kumrithisha mwanawe, vyote vimeusukuma utaratibu huo pembeni, lakini hata sasa haujafutika.

Nimegonga hodi kwenye nyumba ambayo mwanamume yumo, ananywa uji, na mke akaniambia bila kusita kwamba mkuu wa kaya ni yeye. Mume akaitikia kwa kichwa. Mahali pengine ningeshuku ugomvi. Kwetu nikaandika "mwanamke" na kuendelea. Ndoa nazo huvunjika na kuanza upya bila mama kubaki bila makao, kwa kuwa makao ni ya kwao. Ukiona katika jedwali kwamba walioachika ni wengi na wanawake wakuu wa kaya ni wengi, usikimbilie kusema jamii imeharibika. Uliza kwanza nyumba imejengwa kwa nani.

Tarakimu za sensa zinasema hayohayo kwa upole. Mwaka 2012 Ruangwa ilikuwa na wanaume 63,265 na wanawake 67,815. Nachingwea ilikuwa na wanaume 86,382 na wanawake 92,082. Kaya za Mkoa wa Lindi zilikuwa miongoni mwa ndogo kuliko zote nchini, wastani wa watu 3.8. Vijana wengi wa kiume walikuwa Dar es Salaam wakiuza bidhaa mkononi. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 Ruangwa iliongezeka kutoka watu 124,516 hadi 131,080 tu. Kisha mwaka 2022 ikafika 185,573, na Nachingwea 233,655. Barabara, korosho, ufuta na machimbo ya dhahabu ya Namungo vimewarudisha watu, na vimewaleta wageni ambao mababu zao hawakuijua reli.

Elimu

Visanduku viko vichache: hakusoma, msingi, sekondari, chuo. Bibi wa Naipanga alisema hakusoma. Nilipokuwa nafunga dodoso akaokota fomu ya ridhaa, akaisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Umejifunza wapi, bibi?"

"Kisomo. Na redio."

Miaka ya 1970 nchi nzima iliingia madarasa ya watu wazima, chini ya miti, kwenye ofisi za TANU, kwa taa za chemli. Mwaka 1973 ilitangazwa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vya kusikiliza vilikutana kila wiki, watu wapatao milioni 2 nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakatoka pamoja kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Bibi alichimba choo chake cha kwanza mwaka huo. Nilikiona kilichokirithi, kina mfuniko wa mbao wenye mpini. Karibu nusu ya mambo ambayo utafiti wetu ulitaka kuyajua juu ya usafi, mwanamke huyu alikuwa ameyatenda miaka 35 kabla hatujamuuliza. Katika jedwali yumo kwenye safu ya wasiosoma.

Elimu ya msingi kwa wote ilikuja mwaka 1977, na mimi ni zao lake. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya 70 na mwalimu mmoja aliyekuwa amemaliza darasa la saba juzi. Kwa hiyo mtu wa rika langu akisema "darasa la saba", na mtu wa rika la baba yangu akisema "darasa la nne la mkoloni", usidhani wa kwanza amemzidi wa pili kusoma. Mara nyingi ni kinyume chake.

Kazi

Mkulima, mkulima, mkulima. Dodoso zima la kijiji huweza kujaa neno hilo, na bado likawa halijasema kitu. Mwenye mikorosho 300 na anayelima kibarua kwa mwenye mikorosho 300 wote huandikwa wakulima.

Jambo kubwa zaidi ni nani unamkuta nyumbani. Mvua zikishika, kuanzia Januari mpaka mavuno, familia nzima huhamia shambani. Hujenga dungu, wakakaa juu yake kulinda mahindi na mtama dhidi ya ngedere mchana na nguruwe usiku. Kijijini hubaki wazee, mama aliyejifungua majuzi na watoto wa shule. Sensa zetu hufanywa Agosti kwa sababu hiyo, watu wakiwa wamerudi. Lakini utafiti mwingi hufuata kalenda ya fedha za mfadhili, na nimetumwa vijijini mwezi Februari zaidi ya mara moja. Jedwali likatoka na washiriki wengi wanawake na wazee, na wachache wanaume vijana. Msomaji wa mbali atadhani wanaume wa Ruangwa hawajali afya. Walikuwa juu ya dungu, wakiumwa na mbu bila chandarua, na hao ndio tuliotakiwa kuwauliza kuliko wote.

Nilipokuwa na mamlaka kidogo, niliomba timu yangu ifuate watu mashambani. Tulitembea saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Tulipata kaya 5 badala ya 8 kwa siku. Katika kaya hizo 5 tulipata homa nyingi kuliko wiki nzima ya kijijini.

Ukurasa unapofika mbali

Mwaka 2004, watafiti wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara na wenzao walizipitia zaidi ya kaya 20,000 katika wilaya tano za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, kupima dawa ya kuwakinga watoto wachanga na malaria wakati wa chanjo. Ndipo kompyuta ndogo za mkononi zilipoanza kuchukua nafasi ya karatasi huku kwetu, miaka mingi kabla ya vishikwambi vya sensa. Mchora ramani alitangulia siku moja, akaorodhesha nyumba, na mdadisi akafuata. Mwaka 2007 kaya za wilaya hizohizo zilihesabiwa tena, mara hii zaidi ya laki 2, na kila moja ikawekwa mahali pake kwenye ramani.

Kutokana na hesabu hiyo lilitoka jambo ambalo wakunga wetu walikuwa wakilisema siku zote: kadiri mama alivyoishi mbali na hospitali, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa sababu za uzazi wenyewe. Lakini kumbuka kilichowezesha jibu hilo. Mtu aliuliza mama ana umri gani, anaishi wapi, nani alifariki katika nyumba hii na alikuwa nani kwa mkuu wa kaya. Yote hayo ni ukurasa wa kwanza. Laiti wadadisi wangejaza 98 kila walipochoka, wale akina mama wangekufa mara ya pili, ndani ya jedwali.

Bibi wa Naipanga hayupo tena. Nilipita kijijini kwao miaka kadhaa baadaye na kazi nyingine. Mkorosho upo. Mjukuu wake alinipokea, akanikaribisha kwenye mkeka, akaleta mfuko wa nailoni wenye kadi ya mtoto wake wa miezi 7. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu, haihitaji reli wala kimbunga. Nilimuuliza kama anajua bibi yake alizaliwa mwaka gani. Akasema msalaba wa kaburini umeandikwa 1936. Walipata wapi? "Yeye mwenyewe alituambia. Alisema kuna binti wa madodoso alimhesabia."

Nilitoka pale nikakaa kwenye kivuli, nikafungua daftari langu la matukio. Kurasa zake zimelegea, jalada nimelishona kwa uzi. Bado naliongezea. Mstari wa mwisho niliuandika Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Kilwa na kutuacha kusini siku kadhaa bila magari ya Dar es Salaam. Nimeuweka ukurasa uleule wenye kimbunga cha 1952, pembeni yake, ili mdadisi atakayekuja kumuuliza mtoto wa mwaka huo ajue pa kuanzia.